Ugonjwa wa kusahau: jinsi ya kuutoa barazani na kuufikisha kwenye bajeti

Simu ni ileile kila mara. "Mama hanitambui tena, zahanati wananiambia ni uzee. Tufanye nini serikali ituone?" Halafu yanafuata maswali matatu: twende Nairobi? Lazima tuwe na shirika? Na hiyo sera, nani huiandika? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa sauti za WhatsApp, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Ninaishi Kilifi, Kenya, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku, lakini njia ni moja katika kaunti zote 47. Ndugu zetu wa Tanzania, ofisi na kalenda zenu ni nyingine, ila hatua nne za mwanzo zitawafaa.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Wengi huanzia mwisho: wanataka sera ya taifa ya demenshia (ndilo jina la kitabibu la ugonjwa wa kusahau), wanaandika barua ndefu kwa wizara, wanangoja. Kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, wizara kule Nairobi hubaki na sera na hospitali kuu za rufaa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko mikononi mwa kaunti. Mzee wako anatibiwa kwa fedha za kaunti au hatibiwi kabisa. Anzia hapo, na upande kwenda taifani ukiwa na kitu mkononi.

Kabla ya kuanza

Viwe tayari hivi:

- Watu watano hadi saba wanaoaminiana. Mmoja awe amewahi kumlea mgonjwa, mmoja awe wa afya (muuguzi, tabibu au mhudumu wa afya ya jamii), na mmoja awe mtu ambaye akisimama msikitini au kanisani watu wananyamaza. Kama yupo mgonjwa ambaye bado anaweza kujieleza na anataka kusema, huyo ni wa kwanza, si wa mwisho.
- Daftari kubwa la mistari.
- Nakala ya mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, ule wenyewe ofisini wanaouita CIDP. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Ukiukosa kwenye tovuti ya kaunti, nenda ofisi ya mipango uombe.
- Nauli. Sitanii. Kazi hii hufa kwa kukosa nauli kuliko kwa kukosa hoja.
- Mwaka mmoja wa fedha, Julai hadi Juni, wa kutokata tamaa.

Cheti cha usajili hakimo kwenye orodha, na si kwamba nimesahau. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, Bungeni, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa haki hiyohiyo kwenye bunge la kaunti. Cheti mtakitafuta siku mkitaka kupokea fedha za wafadhili.

Hatua ya 1: Kubalianeni neno

Baraza letu la kwanza tulitundika bango lenye neno moja kubwa, "DEMENTIA". Mzee mmoja aliyeketi mbele alilisoma polepole, akauliza: "Huyu anagombea kiti gani?" Watu wakacheka, na baraza likatuponyoka pale pale.

Sisi sasa tunasema "ugonjwa wa kusahau". Lina kasoro yake, maana kila mtu husahau, hivyo usiliache peke yake. Liongezee mfano. Kusahau ulipoweka ufunguo si ugonjwa. Kuushika ufunguo usijue ni wa kazi gani, hapo kuna jambo. Kusahau jina la jirani hutokea. Kumwambia mkeo wa miaka 40 "mama, hodi, naomba maji niende zangu" ni jambo jingine. Kwenye karatasi za ofisi andika "demenshia", ili wenye kuandika mipango wasije wakasema hawakuelewa.

Kuna maneno ya kuachana nayo hata kwa mzaha: kichaa, mwehu, amerudi utotoni, amechezewa (yaani amerogwa). Hilo la mwisho ndilo hatari zaidi, maana huleta habari za uchawi, na hapa nitakaa kidogo.

Mgonjwa wa demenshia hupoteza hesabu ya saa, mchana na usiku humchanganya. Jua likianza kuzama hutaabika, husema "nataka kwenda kwetu" ilhali yuko kwao, na usiku akipata mlango wazi hutoka. Alfajiri anakutwa uani kwa mtu, pengine hana nguo, hawezi kueleza alifikaje. Wewe unayesoma haya unajua watu watakavyosema: mwanga huyo, alikuwa akiwanga, kumemkuchia. Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi miaka mingi sasa, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Kule Ganze pako Kaya Godoma, mahali wazee waliotuhumiwa wanapokimbilia. Usukumani nako, upande wa Tanzania, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, yanayodhaniwa kuwa dalili ya uchawi. Sisemi kila mzee anayeitwa mchawi ana demenshia. Nasema mgonjwa anayetembea usiku ana sababu ya kitabibu, na kijiji kisichoijua sababu hiyo kitatafuta nyingine.

Kwa hiyo mkichagua sentensi moja tu ya kuisambaza kijijini, iwe hii: *mzee akikutwa nje usiku, mfunike nguo, mrudishe kwao, kisha mpelekeni hospitali.*

Hatua ya 2: Hesabuni mzigo

Tembeleeni familia kumi hadi 15. Andikeni mambo manne tu: nani anamlea mgonjwa, aliacha kazi gani, kwa mwezi wanatumia nini (daipa za watu wazima, nauli ya kliniki, dawa), na waliambiwa nini walipofika hospitali. Mtaona mlezi ni binti au mkaza mwana karibu kila nyumba. Linganisheni na shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa fedha wa serikali, kwa waliofika miaka 70, wakiwa wamesajiliwa. Pengo hilo ndilo hoja yenu.

Msiandike majina, andikeni nambari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Na picha ya bibi wa watu akiwa amejichafua haipandi Facebook hata kama "ni ya kuelimisha". Familia ikikubali leo, mjukuu ataiona kesho.

Kwa takwimu za nje tumia chache. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 57 walikuwa na demenshia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ya jirani ni nzuri zaidi: utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013 ulikuta asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea wana demenshia.

Onyo: usichukue hiyo 6.4 ukaizidisha na wazee wa kaunti yako kisha ukaiita takwimu ya kaunti. Afisa mmoja makini akiuliza ilitoka wapi, karatasi nzima itaanguka. Sema ni kipimo cha jirani, na kwamba kaunti haina chake. Kukosa takwimu kwenyewe ni dai.

Wakati huohuo andikeni barua kwa idara ya afya, mkitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ulizeni: mwaka jana mliandikisha wagonjwa wangapi wa demenshia? Ni wahudumu wangapi wamefunzwa kuitambua? Wana siku 21 za kujibu. Jibu likija "hatuna rekodi", litunzeni vizuri sana, ni dhahabu.

Hatua ya 3: Ingieni kwenye baraza la mwenzenu

Msiitishe mkutano wenu. Nendeni kwa chifu mumwombe dakika 15 ndani ya baraza lake, baada ya habari za mbolea au vitambulisho, watu wakiwa wameshakusanyika. Igizo la dakika tano linafanya kazi kuliko hotuba: mzee anatoka usiku, vijana wanamzingira, mkaza mwana anafika na leso. Mwenye kuzungumza baadaye awe mlezi, na wa afya ajibu maswali.

Maswali hayabadiliki, jiandaeni:

*Unaambukiza?* Hapana.

*Ni wa ukoo?* Mara chache sana hurithiwa moja kwa moja. Wengi hawakuupata kwa njia hiyo.

*Una dawa?* Ya kuuponya hakuna kwa sasa. Lakini yapo maradhi yanayofanana nao na yanatibika: ugonjwa wa dundumio (tezi ya shingoni), upungufu wa vitamini B12, sonona, maambukizi ya mkojo, hata mchanganyiko wa dawa anazomeza mzee. Ndiyo maana safari ya hospitali si bure.

*Unazuilika?* Kwa sehemu. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya demenshia duniani. Msiyasome yote 14. Tajeni presha, sukari, sigara, pombe, masikio yasiyosikia vizuri, na kuumia kichwa. Kwenye hilo la kichwa, angalieni upande wa vijana wa bodaboda mkitaja helmeti.

*Na mganga?* Msimtukane. Nusu ya walioketi wametoka kwake wiki ileile. Semeni: "Ukienda huko, pitia na hospitali pia."

Makosa ninayoyaona sana hapa ni mawili. La kwanza, mtu anasimama na kumtangazia mwenzake ugonjwa barazani: "Huyo baba yako anao." Huna kipimo, na umemwaibisha mbele ya mtaa. La pili, kikundi kinafanya baraza moja, kinapiga picha, kinapotea. Rudini baada ya miezi miwili mahali palepale. Katikati watumieni wahudumu wa afya ya jamii, ambao kila mmoja anatembelea nyumba kama 100 na tayari anapima presha na sukari. Swali moja la ziada mlangoni, "kuna mzee hapa anayepotea njia?", linafika pasipofika kipaza sauti.

Redio za jamii nazo zitawapa nafasi Septemba, maana ni mwezi wa Alzheimer duniani na tarehe 21 ndiyo siku yenyewe. Itumieni, lakini msiitegemee. Sababu iko hatua ya 5.

Hatua ya 4: Tafuteni mlango kwenye karatasi zilizopo

Msidai sheria mpya. Fungueni CIDP mtafute maneno matatu: afya ya akili, wazee, magonjwa yasiyoambukiza. Lazima mtakuta moja. Hapo ndipo demenshia itakapobandikwa, kama mpangaji anayeingia chumba kilichokwisha jengwa. Kwa upande wa taifa iko Sera ya Afya ya Akili ya 2015 hadi 2030, na Kifungu cha 57 cha Katiba kinachowapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Tajeni hivyo viwili, msiongeze kumi.

Kisha andikeni ukurasa mmoja. Ombeni mambo matatu ambayo kaunti inaweza kuyafanya bila kujenga chochote:

1. Mafunzo ya kutambua demenshia kwa wahudumu wa zahanati na wa jamii. Kipo kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa Hai kwa ajili ya wazee ambao pengine hawakusoma. Badala ya kuchora kwa kalamu, mzee anapanga njiti za kibiriti.
2. Demenshia iandikwe kwenye rejista za vituo vya afya, isizame ndani ya "uzee".
3. Siku moja kwa mwezi ya walezi kukutana na muuguzi kwenye kituo cha afya.

Onyo: kila mtu kwenye kikundi atataka kuongeza lake, mara gari la wagonjwa, mara nyumba ya wazee. Kataeni. Ukurasa wenye maombi 12 husomwa kama hauna hata moja.

Hatua ya 5: Fuateni kalenda ya fedha

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka, kwa sababu bajeti haingoji mtu amalize semina. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012:

- 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unafika bunge la kaunti.
- 28 Februari: waraka wa mkakati wa fedha, unaogawa kila idara ipate kiasi gani.
- 30 Aprili: makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti.
- 1 Julai: mwaka mpya wa fedha.

Umeona tatizo la 21 Septemba? Siku yenu mnayovaa fulana na kuandamana, mpango wa mwaka ujao umeshapelekwa wiki tatu nyuma. Karatasi yenu ifike ofisi ya mipango Juni au Julai. Mkichelewa, ombeni nafasi kwenye vikao vya umma vya Januari na Februari, na tena baada ya Aprili. Nendeni wengi, ketini mbalimbali ukumbini, kila mmoja aseme ombi lilelile kwa maneno yake. Na yawe kwenye karatasi pia, yenye muhuri wa kupokelewa. Lililosemwa tu linapeperuka.

Hatua ya 6: Ardhilhali

Ikiwa idara imewapuuza, sasa ni zamu ya bunge la kaunti. Muoneni karani wa bunge awape utaratibu wao, kwani kila bunge lina Kanuni zake za Kudumu. Kwa kawaida mtatakiwa kueleza kero, kuonyesha kwamba mlikwenda kwanza kwa wahusika bila mafanikio, kusema kama jambo liko mahakamani au la, kutaja mnachoomba, kisha majina, nambari za kitambulisho, na sahihi au alama za dole gumba. Ile barua ya siku 21 inaingia hapa.

Iandikeni kwa Kiswahili. Sheria ya ardhilhali za Bunge la taifa, ya 2012, inakubali Kiswahili au Kiingereza bila kupendelea. Walezi wenu wataweza kuisoma wenyewe kabla ya kutia dole, na mbele ya kamati wataitetea bila mkalimani.

Hatua ya 7: Sasa taifa

Mkiwa na mstari kwenye mpango wa kaunti, hata mmoja, mna sauti nyingine Nairobi. Tafuteni walio mbele yenu: shirika la Alzheimer's & Dementia Organization Kenya, na watafiti waliofanya kazi Makueni chini ya STRiDE, mradi wa utafiti wa demenshia ambao Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi zake saba. Msianzishe upya walichokwisha kianza.

Kenya pia ilikubaliana na wenzake. Mei 2017 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa demenshia wenye maeneo saba ya kazi na lengo kwamba asilimia 75 ya nchi ziwe na sera au mpango wake kufikia 2025. Ripoti ya 2021 ilikuta ni kama robo tu. Mwaka 2025 mpango ukaongezewa muda hadi 2031. Sasa pigeni hesabu: sera ya afya ya akili ya taifa inakwisha 2030, na kaunti zitaandika CIDP mpya za 2028. Vikao vya kuziandaa hutangulia miaka hiyo. Msingoje kualikwa, maana mialiko huenda kwa wanaojulikana.

Mambo yakikwama

*Chifu hatoi nafasi.* Pitieni kwa mzee wa mtaa au kikundi cha akina mama. Baraza si lazima liwe la chifu. Merry-go-round (chama cha kuchangiana) ya Jumamosi ina wasikilizaji wazuri zaidi.

*Mwakilishi wadi anawapa unga na blanketi mpige naye picha.* Pokeeni, wazee wana njaa. Kisha mwombeni, mbele ya kamera hiyohiyo, aahidi kuwasilisha ardhilhali yenu.

*Familia inamficha mgonjwa.* Msigonge mlango kwa nguvu. Mpelekeni mlezi mwenzake, mmoja, bila fulana ya kikundi.

*Mzee ametuhumiwa uchawi na watu wamechemka.* Acheni sera. Mtoeni hapo kwanza, alale kwa jamaa wa mbali au mahali salama, na mripoti kwa chifu na polisi mkiandika nambari ya ripoti. Elimu ya demenshia ije wiki nyingine. Umati wenye mapanga hauhudhurii semina.

*Mlezi wenu mkuu amechoka, hajibu simu.* Ameishiwa nguvu, si mvivu. Mtu mwingine ashike zamu ya mgonjwa siku mbili, ndipo mumuulize habari za kikundi.

*Mstari umo kwenye bajeti lakini fedha hazikutoka.* Hili ni la kawaida kuliko yote. Msimamizi wa Bajeti wa taifa huchapisha ripoti kila robo mwaka kuonyesha kila kaunti imetumia nini. Tafuteni idara yenu ya afya humo, linganisheni na kilichopitishwa, mpige mstari mwekundu penye pengo, kisha rudini kwa karani wa bunge na nakala mbili: moja ya kamati ya afya, moja ya kugongewa muhuri na kurudi nayo nyumbani.